Nta Katika Vikombe vya Simu

Mara ya kwanza Wilda Kessinger alidhani ni siagi.

Ilikuwa Jumatatu, saa tano asubuhi, jua la Aprili limejaa sebuleni, naye alikuwa akipangusa vumbi kwenye mashine yake ya kuandikia kwa simu. Ndani ya kikombe kimoja cha mpira, kile kinacholaliwa na upande wa kusikilizia wa mkono wa simu, kulikuwa na tone la kitu cha manjano, kizito, chenye kung'aa. Akakichota kwa ncha ya kidole, akakinusa. Harufu ile aliijua tangu usichana wake. Shuleni kwao walimu waliwalazimisha watoto viziwi kuvaa visikilizio vya kuchomeka masikioni, eti wajifunze kusikia kwa nguvu, na jioni visikilizio vyote vilitupwa kwenye bati moja la biskuti. Bati likifunguliwa asubuhi lilitoa uvundo wa nta ya masikio ya watoto arobaini. Miaka thelathini na mitano ilikuwa imepita, na uvundo ulikuwa uleule, tena wa moto.

Alinawa mikono mara tatu. Akajiambia kwamba ni grisi ya mashine imeyeyuka, akaendelea na shughuli zake. Mtu akiwa hataki kujua jambo, hakosi neno la kujidanganyia.

Mashine yenyewe ilikuwa dude la chuma lenye uzito wa wanaume wawili, kuukuu la ofisi ya telegramu, lililookolewa siku moja kabla ya kupondwa. Aliyemletea ni Ambrose Tutko, kiziwi mwenzake, aliyefanya naye kazi miaka ishirini katika kiwanda kimoja cha matairi hapo Akron. Tutko alikuwa fundi wa kuzaliwa. Kila Jumamosi alizunguka mji mzima akiwafungia viziwi mashine kama hizo, na ujira wake ulikuwa chakula tu, ingawa kwa jinsi alivyokula, wengine walisema ingekuwa nafuu kumlipa. Ukibonyeza herufi, kisanduku chenye vikombe viwili vya mpira hutoa sauti mbili zinazopokezana, moja nene na moja nyembamba, mapigo matano kwa kila herufi. Sauti zinapita kwenye simu, na mashine ya upande wa pili inazigeuza tena kuwa maandishi. Viziwi wenyewe hawazisikii, wala hawakuwa na shida nazo.

"Acha chuma kisikie," Tutko alipenda kusema kwa mikono yake mipana. "Sisi tusome."

Na kusoma kulikuwa neema kubwa. Corliss, binti wa pekee wa Wilda, kiziwi kama mama yake, alikuwa ameolewa Dayton, mwendo wa karibu saa tano kwa basi. Alikuwa amejifungua wiki sita zilizopita, mtoto wa kike, Gretchen. Siku ya tatu baba mtu, Royce, kiziwi naye, aligonga sufuria juu ya kitanda cha mtoto. Mtoto hakupepesa hata kope. Wakacheka wote, wakambusu, wakamwambia karibu nyumbani. Mjane kama Wilda, ambaye zamani angesubiri barua wiki nzima, sasa alisoma habari za mjukuu wake kila jioni, neno kwa neno, zikitoka kwenye roli ya karatasi.

Jumatatu hiyo hiyo, saa sita mchana, taa ya simu ikawaka na kuzima, ikawaka na kuzima. Wilda akalaza mkono wa simu kwenye vikombe, akaandika kama kawaida. Na kawaida ilikuwa hii: anayemaliza zamu yake hupiga herufi mbili, G na A, yaani haya, endelea, zamu yako. Bila hizo mwenzako hagusi kitu, kwa sababu wawili wakiandika pamoja maneno huvurugika. Na mazungumzo hayafi mpaka mtu apige S na K.

HAPA WILDA K GA

NI MIMI GA

NANI WEWE GA

MWENZENU GA

Wilda alicheka. Pale kwenye klabu yao ya viziwi hapakosekani mtu wa mizaha. Mwaka ule, katika mji ule, aliyekuwa na mashine namna ile alikuwa kiziwi, na kiziwi alikuwa ndugu. Kijitabu cha namba zao kilikuwa na kurasa chache, na jina jipya lilipokelewa kama mtoto aliyerudi kutoka vitani. Haikumpitia akilini kwamba kitu kingine kingeweza kushika lugha ile.

KWENYE KITABU SIKUONI. UNATOKA WAPI GA

NILIKAA KWA MTU ANAYESIKIA. KELELE NYINGI. AMEKUFA. NATAFUTA CHUMBA KIMYA GA

HA HA KWETU KOTE KIMYA GA

NAJUA. NDIYO SABABU NIMEKUJA GA

Wakaongea saa nzima. Mgeni alikuwa msikivu, swali hili, swali lile, na Wilda, ambaye tangu afiwe na mume alikula chakula chake akiutazama ukuta, aliona raha kuulizwa. Akasema habari za Dayton. Akasema habari za mjukuu, mzuri kama bibi yake ha ha.

MASIKIO YAKE MADOGO GA

Vidole vya Wilda vilisita kidogo. Swali gani hilo? Lakini watu wana namna zao za kusifu watoto.

MADOGO KAMA MAHARAGE. MPIGIE MAMA YAKE UMPE HONGERA. ANAPENDA WATU.

Akaandika namba ya Corliss, tarakimu kwa tarakimu, akamalizia na GA.

Kwetu tuliozaliwa mahali ambapo majini yana majina, mtoto hufundishwa mapema asiitikie hodi asiyoijua, kwa sababu wako wasioweza kuvuka kizingiti mpaka waambiwe karibu. Wilda hakufundishwa hayo. Kwa kila GA alimkaribisha yule mgeni, kama mara ishirini kwa saa moja, na mara ya mwisho akamwelekeza nyumbani kwa mwanawe.

Mgeni hakujibu tena. Hakupiga S na K wala hakuaga. Wilda alipochana karatasi aisome upya, ilimteleza mkononi. Ilikuwa imelowa mafuta kutoka juu mpaka chini, unaona vidole vyako upande wa pili, kama karatasi ya kufungia maandazi.

Jumanne harufu ilikwishatoka sebuleni na kuhamia nyumba nzima. Iliingia kwenye mapazia, kwenye mkate, kwenye maji ya bombani. Wilda alipika tambi za kupeleka klabuni, akainua kifuniko, akaona mafuta ya manjano yanaelea juu ya mchuzi, na hakuwa ametia mafuta. Alimwaga sufuria nzima nje, na mbwa wa jirani akaja, akanusa, akarudi kinyumenyume. Kwenye vikombe vya mpira nta ilikuwa imejaa nusu. Ndani yake mlikuwa na unywele mmoja mweupe, mfupi na mgumu, wa aina ile inayoota kwenye masikio ya wazee. Alipouvuta kwa kibanio ulikuja, ukaendelea kuja, mrefu kuliko mkono wake, mpaka akauachia na kukimbilia sinki.

Alasiri alikuja jirani yake, Bi Ocie Pruitt, mwanamke mwenye kusikia, ambaye huzungumza naye kwa kuandikiana nyuma ya bahasha. Bi Ocie alisimama mlangoni akiwa ameziba pua kwa leso. Akaandika: *Wilda, kuna kitu kwako kinanyonya. Tangu jana mchana. Kama ndama kwenye chuchu. Ni bomba?*

Wilda akaandika: *Ni bomba.*

Bi Ocie akasoma, akamtazama usoni, akaandika tena kwa haraka: *Basi mwite fundi, mpenzi, kwa sababu limeanza kukutaja jina.*

Akaondoka bila kuaga, akipita katikati ya nyasi zake mwenyewe alizokuwa akikataza watu kuzikanyaga.

Jumatano asubuhi Wilda aliamka na mto wake umemshika shavu. Alipoutoa, ulibanduka kwa mvutano, na kwenye mto huo, pale lilipolala sikio lake la kushoto, palikuwa na doa la manjano lenye upana wa sahani. Sikio lilimuwasha kwa ndani, mahali ambapo kidole hakifiki, si muwasho wa ugonjwa, bali kama mtu anapapasa kuta za chumba kigeni akitafuta pa kuwashia taa, akitoka, akiingia, akikwaruza hapa na pale, na kila akikwaruza uvundo ulimshukia Wilda kooni mpaka akauhisi kwenye ulimi. Akajipiga kichwa kwa kiganja. Kitu kikateleza, kikatoka. Hakukiona. Alihisi tu ubaridi wa majimaji ukimshuka shingoni, na mbao za sakafu zikaanza kutetemeka chini ya nyayo zake: mapigo matano na kituo, mapigo matano na kituo.

Alikwenda sebuleni akiwa na gauni la kulalia. Mkono wa simu ulikuwa mahali pake, mbali na vikombe. Haikuwezekana mashine ifanye kazi. Nayo ilikuwa ikiandika, vyuma vyake vikipanda na kushuka kwenye lile tope la nta, na karatasi ikishuka sakafuni kwa mikunjo, nzito, ikinata.

CHUMBA CHAKO KIMEZEEKA. KINA VUMBI. KUNA ALIYEKIKWARUZA ZAMANI KWA VYUMA. SIKIPENDI. NATAKA KIPYA. KIDOGO KAMA HARAGE. ASANTE KWA NAMBA GA

Hapo ndipo Wilda alipoelewa, na majuto ni mjukuu. Aliunyakua mkono wa simu, akaulaza kwenye vikombe vile vilivyojaa uchafu mpaka nta ikafurika na kumchuruzika kwenye viganja, akazungusha namba ya Dayton. Kisanduku kilikuwa na kitaa kidogo kinachomwonyesha kiziwi hali ya simu: kikimeta polepole, inaita upande wa pili, kikimeta haraka haraka, kuna mtu anaongea. Kilimeta haraka haraka. Akakata, akapiga. Haraka haraka. Akapiga mara tisa, mikono ikiteleza, machozi yakimtoka kwa hofu na kwa kinyaa, na kila mara kile kitaa kilimwambia jambo moja, kwamba mtu yuko kwenye simu ya mwanawe na wala hana mpango wa kuondoka.

Aliendesha gari mpaka kwa Tutko bila kubadili gauni.

Tutko, aliyekuwa zamu ya usiku wiki hiyo, alikuwa mezani akila vidonge vya unga vilivyojazwa kabeji chachu na kukaangwa. Taa ya mlangoni ilipowaka, akafungua, akamtazama kutoka juu mpaka chini kwa uwazi wa viziwi, wasiojua kufichana.

"Dada, unanuka," alisema kwa mikono. "Mama mkwe wangu alinuka vizuri kuliko wewe, naye tulimzika Agosti."

"Ambrose, usinichekeshe. Njoo na kioo chako cha mawimbi."

"Mashine imeharibika?"

"Ingekuwa imeharibika ningeshukuru."

Akamweleza yote, mikono ikigongana. Tutko hakucheka tena. Alibeba kioo chake, kile chombo chenye skrini ya kijani ya mviringo, alichokitumia kuona sauti asizosikia, akatia na vifaa vyake kwenye gari, wakaondoka.

Pale mlangoni kwa Wilda alitapika kabeji yote kwenye maua. Akajifuta mdomo, akaingia.

"Kwanza nikuonyeshe mawimbi mazima," alisema, "ili ukiona magonjwa uyajue." Alikuwa na kisanduku chake mwenyewe cha kufanyia majaribio, kinachotoa sauti pigo moja moja kwa swichi. Akakiunganisha na kioo. "Sauti nene ni wimbi pana, unaona? Nyembamba ni mawimbi yaliyobanana. Hii ni G: nyembamba, nene, nyembamba, nene, nene. Na hii A: nene, nene, halafu nyembamba tatu. Kila fundi anazijua hizi mbili hata akiwa amelewa, kwa sababu ndizo zinazopita kwenye waya mara nyingi kuliko zote. Weka mkono hapa uzisikie kwa ngozi."

Wilda aliweka kiganja juu ya kisanduku. Nyembamba, nene, nyembamba, nene, nene. Kituo. Nene, nene, nyembamba, nyembamba, nyembamba. Ngozi ikashika.

Kisha Tutko akaunganisha kioo na vikombe vya Wilda. Mkono wa simu ulikuwa mezani, mbali. Skrini ilipaswa kuonyesha mstari mnyoofu tu.

Mawimbi yakaja. G, A. G, A. G, A. Safi, yaliyonyooka, mazuri kuliko ya mashine yoyote aliyowahi kuifunga. Lakini kati ya kila herufi na nyingine, mahali ambapo hapatakiwi kuwa na kitu, lilipanda wimbi la tatu, si pana wala si la kubanana, likavimba taratibu, likajaa skrini, likashuka, mfano wa koo linalomeza. Na kila lilipomeza, nta ilipanda kidogo kwenye vikombe, ikatoa mapovu, na ndani ya mapovu mlipita vitu vyeupe vyembamba ambavyo Wilda alitaka kuamini ni uzi.

"Hiyo si mashine," mikono ya Tutko ilisema chinichini, karibu na tumbo, kama anayenong'ona. "Hicho kinakula."

"Anamtaka Gretchen. Nilimpa namba mimi mwenyewe. Nilimwambia endelea."

"Na zamu bado iko kwake. Ndiyo maana hawezi kufukuzwa. Mpaka apige S na K mwenyewe." Akakuna kidevu. "Anataka sikio, sivyo? Tumpe. Tumpe lake."

Alitoa kwenye kisanduku cha vifaa kipande cha mpira wa ndani wa tairi, urefu wa mkono. Kikombe kimoja cha simu husema, kingine husikiliza. Tutko alivuta pumzi, akauvika mpira ncha moja kwenye kikombe kinachosema, na kwa vidole vilivyozama kwenye nta mpaka kwenye vifundo akauvika ncha ya pili kwenye kile kinachosikiliza. Sasa lile jini, lolote litakalosema, litajisikia lenyewe na si mwingine.

Mashine ilisita. Halafu ikaandika CHUMBA. Ikaandika CHUMBA CHUMBA. Ikaandika kwa kasi ambayo vyuma vile havikuumbiwa, CHUMBA CHUMBA CHUMBA, herufi zikipandiana mpaka karatasi ikawa nyeusi, na ule mpira katikati ukajaa, ukanenepa, ukaanza kujinyonga huku na huku mezani kama utumbo unaopitisha mlo usiokubalika, uvundo ukawa mzito hata macho yakashindwa kufunguka, Wilda akaushika mpira kwa mikono yote miwili usichomoke, akahisi ndani yake kitu laini kinapita, kinarudi, kinapita, kinatafuta pa kutokea, akalia na kutapika na hakuuachia, kwa sababu kule Dayton kulikuwa na masikio mawili madogo kama maharage na hapakuwa na mwingine wa kuushika.

Ghafla ukalegea. Mashine ikapiga herufi nne, polepole, moja moja.

SK SK

Kwenye skrini mstari ukanyooka.

Walikaa sakafuni, migongo ukutani. Baadaye Tutko akaukata ule mpira. Ulikuwa mtupu na mkavu. Akauchoma kwenye pipa la nyuma ya nyumba pamoja na vile vikombe, akarudi na vikombe vipya, kwa sababu Tutko hakuwahi kutembea bila vipuri. Wilda akapiga Dayton. Kitaa kikameta polepole.

CORLISS HAPA GA

SIMU YAKO ILISHIKWA TANGU ASUBUHI. ULIKUWA UKIONGEA NA NANI GA

NA MTU GANI MAMA. NILILALA NA GRETCHEN. ROYCE AMESAHAU TENA MKONO WA SIMU KWENYE VIKOMBE, JINGA LANGU HILO HA HA. MASHINE TUMEIWEKA KANDO YA KITANDA CHA MTOTO ILI TAA NIIONE. SASA HIVI NDIYO NIMEUONA NIKAUTOA GA

MTOTO MZIMA GA

MZIMA. ANANYONYA TU GA

Wilda alisoma mistari ile mara tatu, akamwonyesha Tutko, naye akamshika bega. "Tumeshinda, dada. Sasa oga, kwa ajili ya jirani zako." Wilda akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Jioni hiyo alikula viazi viwili na vikakaa tumboni.

Wiki tatu zilipita, safi. Bi Ocie alirudi na bahasha zake. Halafu Jumapili moja mchana taa ikawaka.

MAMA. GRETCHEN ANASIKIA.

Wilda alikaa, mikono juu ya mapaja.

NILIANGUSHA SUFURIA AKAGEUKA. ROYCE HAKUAMINI. MAMA YAKE ALIKUJA KUPIGA MAKOFI NYUMA YA KITANDA, MTOTO AKAMFUATA KWA KICHWA KILA UPANDE. UNAJUA WENYE KUSIKIA WALIVYO. ANALIA, ANAPIGA MAGOTI, AMELETA KEKI. DAKTARI ANASEMA KUNA MASIKIO YANAYOCHELEWA KUFUNGUKA. MIMI SIJUI NIFURAHI AU NIFANYEJE. NILIKWISHAMPENDA ALIVYOKUWA GA

MASIKIO YAKE YAKOJE GA

YANATOA NTA NYINGI. NAFUTA KUTWA. DAKTARI ANASEMA NI AFYA. MAMA NJOO UMWONE GA

Alipanda basi la asubuhi. Corliss alimpokea mlangoni, amekonda, anatabasamu upande mmoja, na kabla hata ya kukumbatiana Wilda aliipata, chini ya harufu ya keki na poda ya watoto: bati la biskuti, asubuhi, kifuniko kinafunguliwa.

"Mbona umenuna, Mama? Kaa. Mshike. Mzito sasa, utaona."

Gretchen alikuwa amenona. Mashavu yalikuwa yanang'aa. Wilda alimlaza begani, na papo hapo akahisi unyevu wa vuguvugu ukimshuka shingoni, ukiingia kwenye kola. Alijilazimisha asimtupe. Ni damu yako, alijiambia, ni mjukuu wako, huyu hana kosa. Akamshusha mapajani. Nyuma yake Corliss aligonga sufuria kwa kijiko, kuonyesha muujiza, na kichwa kidogo kikageuka pale pale, laini, bila kushtuka hata kidogo, kama mtu mzima aliyeitwa jina lake katika nyumba anayoifahamu.

Mtoto akafungua kinywa, akatafuta. Wilda akampa kidole, kama bibi yeyote angefanya. Ufizi ukakishika.

Ulibana kidogo. Ukabana sana. Kidogo. Sana, sana.

Kituo.

Sana, sana. Kidogo, kidogo, kidogo.

Wilda alijiambia watoto wote hunyonya hivyo. Akangoja. Kidogo, sana, kidogo, sana, sana; kituo; sana, sana, kidogo, kidogo, kidogo. Ngozi yake ilikuwa imeshajifunza somo hilo na haikukubali kudanganywa. Kutoka sikio la kushoto la mtoto tone la manjano lilichomoza, likakaa ukingoni, likiwa na unywele mmoja mweupe.

Corliss alichuchumaa mbele yake, uso wote ukiwa ombi. "Niambie kitu, Mama. Kila mtu ananiambia nifurahi. Wewe ukisema ni heri, nitaamini ni heri. Unamwonaje?"

Mikono ya Wilda haikuwa huru kujibu. Mmoja ulimshikilia mtoto, na wa pili ulikuwa na kidole mle kinywani, kinabanwa tena, polepole, kwa adabu. Haya, endelea. Zamu yako.